Uchovu usioisha kumbe ni saratani: tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu. Nafungua uzi huu kwa ajili ya mzee wangu. Naamini humu tupo wengi tuliouona uchovu wa mtu wetu tukauita uzee.

Baba ana miaka 63, analima machungwa Muheza. Mwaka jana alianza kurudi kutoka shamba saa tatu asubuhi, yeye ambaye zamani hata saa sita bado yuko huko. Zahanati wakapima malaria, hakuna. Wakapima Widal, wakasema taifodi, akapewa dozi. Mwezi uliofuata taifodi tena. Mara ya tatu akatundikiwa dripu. Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta kakaa kitandani, kafunga kamba za kiatu kimoja, anapumzika kwanza ndipo afunge cha pili. Usiku ule sikulala.

Mjini daktari alimvuta kope ya chini, akamgeuza viganja, akaagiza FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu. Kiwango cha damu 6.8, chini mno. Akatuuliza: "Mzee hajaumia, hana vidonda vya tumbo anavyovijua. Hii damu inakwenda wapi?" Swali hilo hakuna aliyekuwa amelileta kwa miezi mitano. Choo kikapimwa, kina damu isiyoonekana kwa macho. Kipimo cha kamera kikakuta uvimbe kwenye utumbo mpana, upande wa kulia. Alitueleza kwamba upande ule utumbo ni mpana na choo bado ni majimaji, kwa hiyo uvimbe unakua bila kuziba wala kuuma, unavuja kidogo kidogo tu. Dalili pekee inakuwa mtu kuishiwa nguvu.

Ameshafanyiwa upasuaji, sasa anachomwa dawa za kemo Dar. Kwenu ilianzaje?

Mwalimu wa Moro
Pole sana mkuu. Mimi ni mgonjwa mwenyewe. Nilikuwa nafundisha nimekaa. Usiku jasho mpaka nabadilisha shuka, na nikila vijiko vitatu nimeshiba. Nikadhani ni msongo wa mawazo, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimefiwa. Kumbe bandama limevimba linakandamiza tumbo. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zaidi ya laki moja na nusu, wakati kawaida hazizidi elfu kumi na moja hivi. Saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Nameza vidonge kila siku, mwaka wa nne huu, na nafundisha nimesimama.

Bi Mkubwa Mvita
Mamangu alikuwa akichoka na mgongo ukimuuma. Sote twasema ni kufua. Akikandwa na mafuta ya karafuu, apoe siku mbili. Mgongo ulipovunjika bila kuanguka ndipo tukaambiwa ni saratani ya uboho. Figo zilikuwa zishachoka. Mola amrehemu. Siwezi kuandika zaidi.

Tabibu wa kijijini
Poleni nyote, na pole sana Bi Mkubwa. Nipo zahanati, naomba niseme upande wetu. Wanaokuja kwangu wakisema "mwili hauna nguvu" walio wengi hawana saratani. Ni upungufu wa damu wa kawaida, sukari, TB, VVU, tezi ya shingo, sonona. Kwa hiyo tusitishane. Lakini Widal peke yake haitoshi kusema mtu ana taifodi, inaweza kusoma hata kwa aliyeugua zamani. Na mwanamume mwenye damu chini ya 13, au mama aliyekoma hedhi akiwa chini ya 12, usimpe vidonge vya kuongeza damu ukamwacha aende. Damu itapanda, chanzo kitabaki. Mama anayetoka damu wakati hedhi ilishakoma, mtu anayepungua uzito bila kujinyima, uchovu ambao usingizi hauuondoi wiki baada ya wiki: hao naandika rufaa. Nami nimewahi kuchelewa kuiandika, na yule mama namkumbuka mpaka leo.

Mleta uzi
Asante tabibu, nimekuelewa. Wanaouliza hali ya mzee: damu imefika 10.9 na viatu anafunga vyote. Daktari ametuambia sisi watoto wake tuanze kupimwa utumbo tukifika miaka 40, tusisubiri dalili. Kaka yangu ana 44 na anakwepa. Jumatatu naenda naye.