Hizi baga za msimu za wenzetu, ipi ingeuza Dar?

Kaka_Segerea
Wakuu habari za jioni. Nina binamu yangu yuko Marekani, kila baga ya McRib ikirudi kwenye migahawa ya McDonald's ananitumia mapicha utadhani kapata mtoto. Nikaanza kufuatilia nikakuta kila nchi ina vyake, India wana McAloo Tikki ya viazi maana kule McDonald's hawauzi ng'ombe wala nguruwe, Japani kila vuli inatoka Tsukimi yenye yai tangu 1991 huko, na Marekani kuna ile ya samaki Filet-O-Fish ilianza kwa ajili ya Wakatoliki. Sasa kwa vile McDonald's hapa bongo haipo, tufanye kesho wanafungua Mwenge halafu wanaruhusiwa kuleta moja tu. Ipi? Mi naanza na McRib.

Chipsi_Dume
McRib Dar? Mkuu ile ni nguruwe, umeshafukuza nusu ya wateja na jiko hujawasha. Hao waliobaki ndio wabaya zaidi sababu wanaijua kiti moto, inakuja na ndizi za kukaanga na kachumbari na pilipili pembeni, unasubiri lisaa lizima mnapiga stori na njaa inazidi kuwa tamu. Leo uwape nyama ya kusaga imebanwa ikapewa umbo la mbavu, mfupa hamna. Sasa hapo naguguna nini?

Kaka_Segerea
😂😂 Sawa lakini mbona wanaililia? Ilitoka 1981, wakaiondoa, ikarudi, mpaka wakafanya ziara za kuiaga 2005, 2006 na 2007, yaani imeagwa mara tatu na bado ipo.

Bibie_Magomeni
Kama yule mgeni anayesema naondoka halafu anaomba chai. Wanaililia kwa sababu inaondoka, basi. Ujerumani McRib ipo mwaka mzima na wala hamna anayetumiwa picha. Na msiwacheke, uji wa pilipili manga Ramadhani nyumbani kwetu tunagombania mpaka sufuria, Idi ikipita wiki moja ukinipikia nakuuliza kwani nani anaumwa. Uji ni uleule jamani.
Halafu hizi za muda mfupi zina maudhi yake, mwaka jana nimepanda bodaboda toka Magomeni kwa ajili ya baga ya ofa ya mgahawa mmoja, siutaji, bango limejaa ukutani, nafika dada ananiambia imeisha juzi. Nikanunua chipsi kavu kwa hasira.

Dogo_Kigamboni
Tsukimi nimeisoma hapa nimecheka sana. Maana yake kutazama mwezi, wao vuli wanakaa wanauangalia mwezi, ndo yai likawekwa kwenye baga kama mwezi wenyewe. Sasa yai na msosi wa haraka si zege hilo, chipsi mayai? Sisi zege tunakula mwezi ukiandama, ukipevuka na umeme ukikatika. Muuza chipsi wa kwetu ukimwambia yai ni la vuli tu atakuuliza kuku wako wanaenda likizo wapi.

Bibie_Magomeni
Na McAloo Tikki ni kachori iliyokandamizwa. Kachori ya mama wa pale kituoni na chatine ya ukwaju, afu mtu aende akaitafute ndani ya skonzi? Hapana.

Mzee_wa_Feri
Vijana mnaipita ya samaki haraka haraka na ndiyo yenye kisa. Kulikuwa na jamaa Cincinnati anaitwa Lou Groen, ana McDonald's eneo limejaa Wakatoliki, Ijumaa hawali nyama, mauzo yanakufa kabisa. 1962 akabuni mkate wa samaki. Bosi mwenyewe Ray Kroc hakuupenda, naye alikuwa na yake, kipande cha nanasi na jibini kwenye mkate, akaiita Hula Burger. Wakaziweka sokoni siku moja ya Ijumaa, atakayeuza zaidi kashinda. Samaki wakauzwa 350, nanasi 6. Mi hao sita nawawaza mpaka leo.
Kwa hiyo kura yangu ni samaki. Mwislamu anakula, Mkristo anakula, na Kwaresma ndo kabisa. Ila wa kwao hana mwiba hana kichwa, mtu aliyezoea kibua cha soko la samaki la Feri ataona anakula hadithi. Na ile sosi yao waitoe, waweke pilipili ya mbilimbi.

Chipsi_Dume
Ukishatoa sosi ukaweka kichwa na mwiba, shikamoo mzee, hiyo sio Filet-O-Fish tena, ni mchana wako wa kawaida.

Mzee_wa_Feri
Marahaba. Na utauza.

Kaka_Segerea
Nahamia kwa mzee aisee. McRib naiacha kwa binamu.

Mhaya_wa_Tabata
Mnabishana vitu vya ofisini wakati cha msimu cha kweli ni senene, wale panzi wa kuliwa. Hakuna meneja aliyekaa akapanga, mvua inaamua, Novemba hivi Bukoba watu wanakesha na mataa kuwanasa, senene wakifika Dar kila Mhaya anageuka ndugu yako. Wakaangwe wakauke, chumvi kidogo. Hapo hata bango huhitaji.

Dogo_Kigamboni
Mkuu unao hapo Tabata?

Mhaya_wa_Tabata
Walikuwepo mpaka jana.

Bibie_Magomeni
Si nilisema!