Ushauri: Naenda Texas kuwinda kulungu wa mkia mweupe, bunduki nibebe au niazime?

Nyayo za Rungwa:
Wakuu, habari za jioni. Mimi kazi yangu ni porini. Nilianza kwa kusoma nyayo, siku hizi naongoza wageni kwenye vitalu vya uwindaji vya Selous na Rungwa. Kuna mzee wa Kimarekani, mteja wetu wa siku nyingi, kanialika msimu huu nikawinde kwao, kusini mwa San Antonio. Ada ya shamba na malazi juu yake, tiketi juu yangu, viza ya kutembelea ninayo. Tutaongozwa na kijana wa pale shambani, yaani safari hii mgeni ni mimi.

Naomba kujua: bunduki yangu ya .375 niende nayo au niazime kule? Leseni mgeni anaipataje? Na huyo mnyama ana tabia gani? Shemeji yenu naye anauliza nyama italetwa lini. Natanguliza shukrani.

Mchoma Mahindi:
PH mzima, mwindaji bingwa anayeongoza wageni, aliyezoea kusimamia nyati anaomba ushauri wa kuwinda kitu kama swala pala 😂 Haya, wajuzi waje.

Mbongo wa Houston:
Mkuu, achana na huyo hapo juu.

.375 iache nyumbani. Kulungu wa kusini mwa Texas hana mwili mkubwa, .270 au .308 inamtosha kabisa na mzee wako hawezi kukosa moja kabatini. Kubeba yako maana yake ni vibali vya polisi wetu, masharti ya kila nchi utakayopitia, halafu Fomu 6NIA ya ATF, idara ya Marekani inayosimamia silaha, ambayo inatumwa wiki nyingi kabla ya safari. Usumbufu wote huo kwa bunduki usiyoihitaji.

Sasa sikiliza hili, maana wenyeji wengi hawalijui kwa kuwa haliwahusu wao. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya kutembelea kushika bunduki au risasi, labda awe ameingia nchini kwa ajili ya uwindaji au ana leseni ya uwindaji ya jimbo mojawapo. Mzee anaweza kukupokea uwanja wa ndege, jioni hiyo hiyo akakukabidhi bunduki upige mbili tatu kwenye shabaha. Mwambie kwa adabu, leseni kwanza. Ikiwa mfukoni ndipo ushike.

Leseni ya asiye mkazi ni dola 315, inauzwa mtandaoni na kwenye maduka ya vifaa vya michezo. Usikubali ile ya siku tano, bei yake ni rahisi lakini kulungu hayumo. Pia kama umezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye, unatakiwa uwe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Huna? Kuna kibali cha kuahirisha mafunzo cha dola 10, unakipata mara moja tu maishani, na lazima uwinde ukiwa na mtu mwenye leseni aliyefuzu.

Nyayo za Rungwa:
Hilo la kushika bunduki sikulijua hata kidogo. Asante sana mkuu.

Babu Mesquite:
Kijana wangu, utakachotaabika nacho ni makalio. Umezoea kumfuata mnyama, huku unamsubiri. Unapandishwa kibanda kabla hapajapambazuka, ni kama kumvizia chui, ila chambo ni mahindi: kuna kimashine kinayamwaga kwa saa iliyopangwa, na Texas hiyo ni halali. Sungura watatangulia, majike watafuata, dume mkubwa atasimama pembeni ya kichaka akinusa upepo. Usijikune. Jike akianza kupiga mguu chini ujue kashakushtukia. Akikoroma na kuinua mkia, ule weupe ndio utaouona wote wakiondoka.

Usipige mpaka mwongozaji aseme. Wao wanatazama umri kwanza: shingo nene iliyoungana na kifua, tumbo lililoshuka, miguu inayoonekana mifupi. Dume mwenye kiuno chembamba ni mtoto hata akiwa na mapembe mazuri. Baadhi ya kaunti zina sheria ya upana wa ndani wa mapembe, usipungue inchi 13. Masikio yakisimama, ncha kwa ncha ndiyo hizo inchi 13, basi unapimia hapo.

Akianguka, kata tagi, yaani kile kipande cha leseni cha kumfunga mnyama, tobolea mwezi na tarehe ya siku hiyo, mfunge nayo hapo hapo. Picha baadaye.

Kama tarehe unachagua wewe, nenda katikati ya Desemba. Huko kusini ndipo madume wanapowakimbiza majike na kusahau woga.

Mama Twaha, Dallas:
Kaka, mwambie wifi asahau nyama. Kuna ugonjwa wa kulungu unaoharibu ubongo, Texas uligunduliwa 2012, ndiyo maana kichwa na uti wa mgongo haviruhusiwi kuzungushwa ovyo. Kula huko huko, inayobaki mpe mwenyeji au uitoe kwa Hunters for the Hungry, wanawagawia wenye shida. Mapembe na kipande cha fuvu kilichosafishwa vizuri, uliza idara ya mifugo nyumbani kabla hujasafiri.

Na nguo! Mchana unaweza kuvaa fulana, upepo wa kaskazini ukishuka usiku maji yanaganda. Vaa tabaka tabaka, soksi za sufu, glavu nyepesi zinazoruhusu kidole kufanya kazi.

Msomali wa Tampere:
Hata huku Finland kulungu hao wamejaa. Waliletwa wachache kutoka Minnesota mwaka 1934, leo tunawapisha barabarani kila jioni.

Nyayo za Rungwa:
Nimewaelewa wote, kesho naanza na hilo la leseni. La mwisho: huyo kijana anayeniongoza, bakshishi anapewa kiasi gani?

Mbongo wa Houston:
Wengi hutoa asilimia 10 hadi 20 ya bei ya safari. Lakini mkuu, swali hilo tukuulize wewe. Wageni wako walikuwa wanakupa ngapi?

Nyayo za Rungwa:
Hapo umenibana. Nitampa 20.