Kiganja cha mdogo wangu kimelegea baada ya kuvunjika mkono. Tusubiri au twende Dar?

Dada wa Newala

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba msaada wa mawazo, hasa kwa waliopitia jambo hili au wanaofanya kazi hospitali.

Mdogo wangu wa kiume, miaka 24, anaendesha bodaboda hapa Newala. Wiki saba zilizopita alikuwa anarudi usiku kutoka Kitangari, pikipiki ikateleza kwenye mchanga, akaangukia mkono wa kulia. Mfupa wa kati ya bega na kiwiko ukavunjika katikati. Ngozi haikuchanika. Hospitali walimpiga picha wakamfunga hogo, na picha ya juzi inaonyesha mfupa umeanza kuunga vizuri.

Shida ni kiganja. Kinaning'inia tu. Akitaka kukinyanyua hakiendi, gumba halifunguki, na akishika kikombe kinamponyoka. Mgongoni mwa kiganja, pale kati ya gumba na kidole cha shahada, ana ganzi. Daktari alisema mshipa wa fahamu umeumia, tusubiri, utarudi wenyewe. Hakusema tusubiri mpaka lini. Tumepewa vidonge vya vitamini B na tarehe ya kurudi.

Nyumbani sasa hatuelewani. Mama anataka apelekwe kwa mzee mmoja anayekanda kwa maji ya moto na majani. Mjomba, na mnajua kwetu mjomba akisema kasema, anataka tuuze mbuzi twende Muhimbili wiki hii hii, anaamini mshipa umekatika. Mwenyewe hali vizuri, na wageni wakija anauficha mkono ndani ya shati. Inaniuma sana. Nani yuko sahihi?

Mkulima wa Ufuta

Pole sana dada. Msidharau wazee. Shemeji yangu huku Nachingwea alipata hivyohivyo, akakandwa, baada ya miezi mkono ukarudi kabisa.

Fizio wa Kusini

Dada, pole na hongera kwa kumpigania mdogo wako. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo, na mkono wa namna hii naukuta mara kwa mara tangu bodaboda zijae barabarani. Kabla sijasema lolote, nijibu: kiganja kililegea siku ileile ya ajali, au baada ya kunyooshwa na kufungwa hogo?

Dada wa Newala

Siku ileile. Kabla ya kufungwa, daktari alimwambia anyanyue kiganja akashindwa.

Fizio wa Kusini

Sawa, hiyo inapunguza wasiwasi. Kingelegea baada ya kufungwa ningekwambia mrudi hospitali leo hii.

Mshipa wenyewe ni neva ya radiali. Umepita nyuma ya mfupa huo, umeuzunguka ukiwa umelala karibu kabisa nao, ndiyo maana mfupa ukivunjika pale katikati mshipa unavutwa au kubanwa. Ndio unaonyanyua kiganja, vidole na gumba. Kukunja vidole ni kazi ya mishipa mingine, kwa hiyo anakunja, ila kiganja kikiwa kimeanguka vidole havina nguvu ya kushika. Kikombe kinaponyoka kwa sababu hiyo.

Mshipa unaumia kwa namna tatu. Unaweza kushtuka tu bila kukatika kitu, huo hurudi ndani ya wiki kadhaa, wakati mwingine miezi miwili mitatu. Unaweza kukatika nyuzi za ndani huku ala yake ya nje ikiwa nzima, hapo nyuzi huota upya ndani ya ala ileile. Au unakatika wote, na huo hauungi bila upasuaji. Mfupa ukivunjika bila jeraha la wazi, mara nyingi ni hizo namna mbili za kwanza, na zaidi ya watu saba katika kumi hurudi bila kupasuliwa. Shemeji wa Mkulima wa Ufuta naamini alikuwa kati ya hao. Mshipa wake uliota, na ungeota hata asingekandwa.

Kwa hiyo daktari hakukosea kusema subirini, ila kusubiri kuna kalenda yake. Nyuzi huota kama milimita moja kwa siku, yaani sentimita tatu hivi kwa mwezi. Toka pale ulipovunjika mfupa mpaka msuli wa kwanza chini ya kiwiko ni sentimita kumi au zaidi kidogo. Piga hesabu: mwezi wa tatu kuelekea wa nne tangu ajali ndipo dalili inapotarajiwa. Mwambie akunje kiwiko gumba likitazama juu, wewe uuzuie mkono kidogo. Tazama msuli wa upande wa gumba, karibu na kiwiko. Ukiuona unavimba na kukaza, mshipa umefika. Kiganja hufuata, vidole baadaye, gumba mwisho.

Mwezi wa nne ukifika bila dalili yoyote, hapo mjomba ana haki. Ombeni rufaa ya daktari bingwa na kipimo cha umeme wa neva. Upasuaji wa mshipa ni vizuri ufanyike kabla miezi sita haijapita sana, kwa sababu msuli usiopata mshipa unasinyaa, na ukikaa mwaka mmoja na nusu hata mshipa ukifika hauitiki. Na hata ikifikia huko, kuna upasuaji wa kuhamisha kano kutoka msuli mzima kwenda kunyanyua kiganja, na kwa neva hii unafanya kazi vizuri. Mwambie hivyo mdogo wako, asione mkono umekufa.

Ila kusubiri bila kufanya kitu ndiko kunakoharibu watu. Atafutiwe banzi la kushikilia kiganja kikiwa kimenyanyuka, alivae mchana na usiku. Asubuhi, mchana na jioni mtu amvue banzi, amnyooshee kiganja na vidole taratibu, kisha alirudishe. Viungo vikikakamaa, mshipa utarudi ukute mkono hauna pa kufanyia kazi. Hili nalisema kwa uchungu maana nimeliona.

Maji ya moto hapana. Pale penye ganzi hasikii, ataungua bila kujua, na kukandwa kwa nguvu juu ya mfupa ambao haujakomaa kunaweza kuuachanisha. Vitamini B haina ubaya, lakini haiungi mshipa, msimalizie hela kwenye sindano zake.

Mama Wawili Lindi

Mwanangu alichomwa sindano ya takoni akiwa mdogo sana, ikagusa mshipa wa fahamu, mguu ukawa unaburuza vidole. Tulizunguka kwa kila aliyetajwa. Kilichomsaidia ni mazoezi na kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu, sasa anatembea na kucheza na wenzake. Unyayo bado una ganzi, kila jioni naukagua maana aliwahi kukanyaga mwiba hadi pakatunga usaha hajasikia. Wazazi, mtoto mdogo akihitaji sindano ya msuli ombeni achomwe pajani, upande wa nje.

Mwalimu Mstaafu Masasi

Niongeze kwa wengine wanaosoma. Ganzi ikija mkononi au mguuni bila ajali, vidole vikaanza kujikunja, na mwilini kuna baka lisilosikia, kapimeni ukoma. Huku Kusini haujaisha. Vijidudu vyake hula mishipa ya fahamu, na dawa ni bure. Anayewahi hapati kilema.

Dada wa Newala

Mungu awabariki. Jana nimekaa na mama nikamsomea haya yote. Amekubali yeye ndiye awe anamnyoosha vidole, na ameanza leo asubuhi. Mjomba naye amesema mbuzi wakae hadi mwezi wa nne.

Maswali mawili. Nikimshikilia kiganja juu, ncha za vidole zinanyooka kidogo. Ni dalili? Na msimu wa kupuliza mikorosho salfa unaanza, anaomba abebe mashine, amechoka kukaa.

Fizio wa Kusini

Ncha za vidole zinanyooshwa na misuli midogo ya kiganja, hiyo ni ya mshipa mwingine. Isiwape matumaini ya haraka wala kuwavunja moyo, ninyi tazameni ule msuli wa karibu na kiwiko.

Mashine asibebe mpaka daktari aseme mfupa umekomaa. Mtikisiko na uzito vyote vinaishia kwenye bega na pale palipovunjika. Akitaka kushughulika, aandike kwa mkono wa kushoto idadi ya mikorosho iliyopulizwa. Banzi ulizieni hospitali ya Ligula au ya Ndanda, na mkienda bebeni picha zote mbili, ya siku ya ajali na ya juzi. Andikeni pia tarehe ya ajali kwenye daftari la kliniki, kila daktari atakayemwona ahesabu miezi kuanzia hapo.

Dada wa Newala

Tunaenda Ndanda Jumatatu. Nitarudi hapa kuwaambia wamesemaje kuhusu banzi.