Mrejesho: vigae vya jikoni vilivyofifia

Wapendwa, niliomba ushauri kuhusu vigae vya ukuta ulio nyuma ya jiko, vilivyofifia kiasi cha kunifanya nitake kuvipaka rangi, nanyi mkanisihi nianze na usafi na grauti, yaani ule ujazo ulio katika mistari kati ya kigae na kigae. Nimefanya hivyo. Utando wa mafuta ulitoka kwa maji ya moto yenye sabuni na magadi; kisha nikakwangua grauti iliyokuwa nyeusi, nikajaza nyeupe, nikaufuta ukuta kwa sponji yenye unyevu kabla mabaki hayajakauka juu ya vigae. Kumbe vigae vyenyewe vilikuwa bado vinang'aa, na kilichovififisha hasa ni ile mistari michafu. Rangi nimeiacha, kwani karibu na moto na mvuke hubanduka upesi. Nimeongeza taa chini ya kabati, na inapendeza mno. Nawashukuruni kwa dhati.