Dakika kumi barabara ya Links saa moja asubuhi, hilo ndilo mnaliita jaribio la gari?

Asalaam aleikum jamani. Nimekaa na jambo hili wiki tatu nikidhani hasira zitapoa. Hazikupoa.

Nimenunua gari jipya, sifuri kilomita, kwa mkopo wa miaka minne. Kabla ya kutia sahihi niliomba kuliendesha. Muuzaji akaniambia nije saa moja asubuhi, "kabla jua halijapanda". Tukatoka pale Nyali, hapa Mombasa, tukashika Links Road, tukageuza, tukarudi. Dakika kumi! Gari nililikuta limeshawashwa AC, ndani baridi kama friji, redio juu, na yeye kando yangu hanyamazi: tazama skrini, tazama kamera, shika ngozi ya viti, angalia paa la kioo. Nikashuka roho nyeupe, nikaenda kutia sahihi.

Mimi nakaa Likoni, kazi yangu iko kisiwani. Siku ya kwanza kulivusha ilikuwa saa nane mchana, joto la kaskazi, nimemchukua mama hospitali namrudisha nyumbani. Tumesimama kwenye foleni ya feri, gari likajizima lenyewe. Ndivyo lilivyoundwa, eti kuokoa petroli likisimama. Sasa injini ikizima, kompresa ya AC nayo inasimama, kwa sababu inazungushwa na mkanda wa injini. Inabaki feni inakupulizia hewa ya moto usoni. Kipo kitufe cha kuzuia hilo, nimekijua baadaye kwa fundi wa mtaani wala si kwa aliyeniuzia, na lazima ukibonye kila unapowasha gari. Na hata ukikibonya, foleni ikiwa haisogei injini inazunguka polepole, ubaridi unakuja wa kubahatisha. Viti ni ngozi nyeusi. Juu ni kioo. Mama kule nyuma leso yote imerowa jasho, akaniambia, "Mwanangu, hata lile bovu lako lilikuwa na baridi." Sikuwa na la kumjibu.

Ikafika zamu yetu ya kupanda. Maji yalikuwa yamekupwa, tena ya bamvua, na kila mvukaji anajua maji yakipwa hivyo mteremko wa kuingilia feri unavyosimama. Gari hili pua yake ndefu, imelala chini, ndio huo mtindo waliousifia. Bampa ikakwaruza chuma kwa kishindo, watu wa miguu wote wakageuka. Imechanika chini, na kile kipande cha plastiki kinachokinga injini kinaning'inia.

Nikarudi kwa muuzaji. Mnajua alichoniambia? "Kwa matumizi hayo ungechukua ile iliyoinuka juu." Matumizi gani? Kwenda nyumbani kwangu? Mwenzake akaongeza kwamba siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu. Yaani nitoke kisiwani, niende mpaka Miritini, nizunguke kote kule ng'ambo ndipo nifike Likoni, kila siku ya Mungu, kwa sababu bampa yao haiwezi feri!

Na nyinyi mnaojiita wapimaji wa magari, mnaoweka video, nyinyi ndio mlionipoteza kwanza. Nilizitazama zote. Gari linapimwa Nairobi, mita kama 1,700 juu ya bahari, kwenye kijibaridi, halafu mnatuhesabia sekunde za kufika kilomita 100 kwa saa. Hewa ya kule ni nyepesi, injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inapungua nguvu, kwa hiyo hata hizo sekunde si za huku usawa wa bahari. Na sekunde zenyewe za nini, mjini mwisho ni 50? Mimi nilitaka kujua AC inafanya nini pale Buxton magari yakiwa yamefungana. Nilitaka kujua zile rimu za inchi 19 na tairi jembamba kama bangili zinapokeaje mashimo na matuta. Hakuna aliyekaa kiti cha nyuma. Hakuna hata mmoja! Gari la familia mnalisifu mkiwa wawili mbele.

Jaribio la gari Mombasa ni hili: mnipe mchana, si alfajiri. Nilikute limesimama juani, AC imezimwa, nione linachukua dakika ngapi kupoa. Nipakie watu wazima watatu nyuma na mizigo kwenye buti. Nilivushe Likoni maji yakiwa yamekupwa. Kisha nipande nalo Mazeras nyuma ya malori, AC imewaka, nione likitaka kupita lina pumzi au linalia tu. Mkiogopa, chukueni amana yangu na mtu wenu aketi kando, lakini anyamaze. Gari nitalilipia miaka minne, nusu siku ya kulijaribu ni kubwa?

Bampa nimeishonesha kwa waya. Jumatatu narudi tena kudai waitengeneze, maana niliwaambia kabla ya kununua kwamba naishi Likoni, na waliandika anwani yangu kwenye fomu yao.

Nanyi mlionunua jipya hapa mjini, msitaje majina ya yadi, andikeni tu: walikuzungusha wapi, saa ngapi, na kwa dakika ngapi?