Mchezaji ameenguliwa baada ya raundi ya 5: pointi za wapinzani wake zihesabiweje?

Mratibu
Ndugu zangu, naomba ushauri. Tunaendesha mashindano ya sataranji mtandaoni yenye wachezaji 10, kila mmoja akikutana na wenzake wote, yaani raundi 9. Baada ya raundi ya 5, tovuti tunayochezea ilimfungia akaunti kijana mmoja kwa kutumia msaada wa kompyuta, nasi tukamwengua siku hiyohiyo, ingawa yeye anakana. Wanne aliowafunga wanalalamika kwamba wao wamebaki na sifuri, ilhali wanne ambao hawajacheza naye watapata pointi ya bure. Aliyemfunga naye anasema ushindi wake usiguswe. Sheria zetu hazikuligusia jambo hili.

Mwamuzi
Ndugu mratibu, kwa kanuni ya FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji, ya mashindano ya aina hiyo, mchezaji akijitoa kabla ya kufikisha nusu ya michezo yake, matokeo yake hayahesabiwi katika msimamo. Akiwa amefikisha nusu, yanabaki, na wapinzani ambao hajacheza nao hupewa pointi. Wako alicheza 5 kati ya 9, kwa hiyo ukiifuata kanuni hiyo neno kwa neno, malalamiko ya wale wanne yanakuwa na msingi kabisa. Kanuni hiyo inamfaa mtu aliyeugua au kupata dharura, si aliyeenguliwa kwa udanganyifu. Mimi ningefuta michezo yake yote, ili kila mmoja apimwe kwa michezo 8 ileile. Aliyemfunga ataumia, na ninamwonea huruma kwa dhati, lakini sioni njia nyingine inayowapima wote kwa kipimo kimoja.

Mchezaji wa zamani
Nakubaliana na hesabu hiyo, ila mmeruka hatua: je, kijana alisikilizwa? Mwaka 2020, baada ya fainali ya PRO Chess League, ligi ya timu inayochezwa mtandaoni, mchezaji Tigran L. Petrosian alifungiwa na tovuti ya sataranji ya Chess.com, timu yake ya Armenia Eagles ikanyang'anywa ubingwa na kupewa timu ya Saint Louis Arch Bishops. Alikana, na mabishano yakaendelea kwa sababu tovuti haziweki hadharani njia zao zote za kugundua udanganyifu. Mchezaji wa Marekani Hans Niemann naye, baada ya kufungiwa na tovuti hiyohiyo mwaka 2022, alikwenda mahakamani, na suala hilo likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2023. Tovuti ina haki ya kufunga akaunti yake. Kumwengua mtu katika mashindano yenu ni uamuzi wenu, nanyi ndio mnaopaswa kumweleza sababu kwa maandishi na kumpa muda wa kukata rufaa.

Mratibu
Ni kweli, hatukumpa nafasi hiyo, na ninalijutia. Leo nimemwandikia na kumpa siku 3 za kujibu mbele ya watu watatu wasioshiriki mashindano haya. Msimamo hautatangazwa kabla ya hapo. Rufaa ikikataliwa, tutafuta michezo yake yote 5, na nimeshampigia simu aliyemfunga ili asilisikie jambo hilo kwa watu wengine.