Mjadala: Je, mikaratusi ipigwe marufuku kwenye mabonde ya maji?

Mleta mada

Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira wa Kenya, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kandokando ya mito na katika ardhi oevu ing'olewe. Ubishi uliozuka wakati ule haujaisha, na upande wa Tanzania nao husikika kila chemchemi inapopungua: wapo wanaotaka mti huu upigwe marufuku, na wapo wanaosema unasingiziwa. Nimeileta mada hii kwa sababu naona pande zote mbili zinabishania tabia ya mti, kana kwamba mkaratusi umezaliwa na kiu isiyo na mwisho, ilhali jambo la kwanza kuulizwa lilipaswa kuwa jua.

Maji hayageuki mvuke bure. Kila lita inayotoka kwenye jani na kuingia hewani huhitaji nishati ya megajuli 2.4 hivi, na nishati hiyo hutoka juani. Katika siku angavu ya ukanda wa tropiki, mita moja ya mraba ya ardhi hupokea megajuli zipatazo 20. Sehemu yake huakisiwa, sehemu hupotea angani kama joto, na zinazobaki kufanya kazi ni kama 11 au 12. Ukigawanya utapata milimita nne hadi tano za maji kwa siku, yaani lita 40,000 hadi 50,000 kwa hekta. Hicho ndicho kikomo. Shamba lililopandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu lina miti 1,111 kwa hekta, kwa hiyo kila mti hupata lita 45 hivi kwa siku, hata mizizi yake iwe mirefu namna gani. Ile hesabu ya lita 200 kwa mti kwa siku, ambayo watu huirudia bila kuipima, ingelihitaji shamba zima lipate nishati zaidi ya mara mbili ya ile yote inayoletwa na jua.

Kinachoutofautisha mkaratusi na nyasi, basi, ni idadi ya siku katika mwaka ambazo mmea hukikaribia kikomo hicho. Nyasi hukauka kiangazi na kuacha kuvuta maji. Mkaratusi hubaki na majani mabichi, mizizi yake imeshuka mita nyingi, na huendelea kuvuta maji ya akiba katika miezi ile ile ambayo mto nao unayategemea.

Tazameni bonde la majaribio la Mokobulaan, katika Mpumalanga, Afrika Kusini. Lilikuwa bonde la nyasi, na kijito chake kilitiririka mwaka mzima. Mwaka 1969 lilipandwa lote mikaratusi ya aina ya Eucalyptus grandis, na katika mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ilikatwa ikiwa na umri wa miaka 16. Mtu angetarajia maji yarudi pamoja na mvua za msimu uliofuata, lakini ilichukua miaka mitano kijito kurejea kutiririka mwaka mzima, kwa sababu mizizi ilikuwa imekausha udongo hadi chini sana, na udongo ulilazimika kushiba kwanza kabla ya kuachia chochote. Wanaotaka marufuku hupenda kuishia hapo. Hawasemi kwamba bonde la jirani lilipandwa misindano mwaka 1971, nalo likakauka, ila lilichukua miaka 12.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba sheria ishughulikie mahali na ukubwa wa eneo, si jina la mti. Tanzania tayari ina kanuni ya mahali: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini Mokobulaan haikukaushwa na miti ya ukingoni peke yake. Afrika Kusini iliona hivyo, na Sheria yake ya Maji ya 1998 inalihesabu shamba la miti ya biashara kuwa shughuli inayopunguza mtiririko wa mito, kwa hiyo mwenye shamba huhesabiwa mtumiaji wa maji sawa na mwenye skimu ya umwagiliaji. Nakaribisha hoja.

Mkulima wa vinyungu, Mufindi

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa hesabu, lakini naomba zishuke bondeni. Kwetu, bondeni ndiko tunakolima vinyungu wakati wa kiangazi: tunainua matuta, tunakata mifereji kati yake, na unyevu unaopanda kutoka chini ndio unaotulisha maharage, mboga na mahindi mabichi hadi mvua zirudi. Jirani yangu alipanda safu ya mikaratusi ukingoni mwa bonde. Miaka ya mwanzo hatukuona kitu. Ilipofikia unene wa nguzo, mfereji wa upande ule ulianza kukauka Agosti huku ule wa upande wa pili ukiwa bado na maji, na ukichimba tuta la karibu na safu ile unakuta mizizi imejisokota ndani, udongo umekuwa mkavu na mgumu, jembe linagonga.

Wewe unasema sheria iangalie mahali na eneo. Ni sawa kwa kampuni yenye maelfu ya hekta. Lakini bonde letu halina mwenye shamba kubwa. Lina kaya nyingi, kila moja na miti yake michache, na hakuna hata moja itakayokata leseni ya maji. Mwenyekiti wa kitongoji hana kipimo cha milimita. Anachoweza ni kuutazama mti na kuutaja jina. Kanuni isemayo "mkaratusi hauruhusiwi bondeni" anaweza kuisimamia asubuhi moja, ila hiyo yenu ya nishati na eneo itabaki kwenye makabati ya wilaya.

Mtaalamu wa misitu, mstaafu

Alichokiona ndugu mkulima ni kweli, na maelezo yake yamo ndani ya hesabu ile ile ya mleta mada. Kile kikomo cha lita 45 ni cha mti ulio katikati ya shamba lililofungamana, ambako majani hugawana jua moja. Safu moja ya ukingoni haimo katika hali hiyo: jua huipiga ubavuni, na upepo mkavu unaotoka kwenye mashamba yaliyovunwa huileta nishati iliyokusanywa mahali pengine. Chini yake maji hayakatiki. Mti wa namna hiyo hunywa zaidi sana kuliko mwenzake wa katikati, kwa hiyo miti michache iliyopangwa vibaya huweza kuleta madhara yasiyolingana na idadi yake. Ningefurahi kama watunga kanuni wangelielewa hili moja tu, hata kama mengine yote yatawapita.

Hata hivyo siafiki marufuku ya jina. Mkaratusi hutoa kuni nyingi kwa kila lita ya maji kuliko miti mingi ya asili, na hilo ni jambo la nishati vilevile. Kaya nyingi za Tanzania bado zinapika kwa kuni na mkaa. Kuni ambazo hazikutoka kwenye shamba la kupandwa zitatoka kwenye miombo, na mti wa miombo uliokatwa kwa ajili ya tanuri la mkaa haurudi ndani ya miaka minane kama mkaratusi unavyochipua.

Tena tusijidanganye kwamba msitu wa asili hauna gharama ya maji. Majaribio ya mabonde ya Afrika Mashariki yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya uongozi wa H. C. Pereira, yalilinganisha karibu na Mbeya bonde lenye msitu na bonde la miteremko mikali lililolimwa. Lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi, hata wakati wa kiangazi. Kule Kimakia, katika milima ya Aberdare, mianzi iliondolewa ikapandwa misindano, na misindano ilipofungamana matumizi ya maji yakawa karibu sawa na ya mianzi. Mti ni mti. Unabadilisha nyasi kuwa msitu, unalipa kwa maji.

Mwalimu wa jiografia

Kwa heshima zote kwa mzee wetu, "mti ni mti" ni sentensi inayoweza kutupoteza. Matokeo ya Mbeya yalitegemea udongo wenyewe, ambao ni majivu ya volkano yanayopitisha maji upesi hata baada ya kulimwa. Peleka jembe hilo hilo kwenye udongo unaoziba juu kwa matone ya mvua, na maji hayataingia ardhini. Yatateremka kama mafuriko ya siku mbili na kuuacha mto mtupu Septemba. Hapo ndipo viumbe wanapoingia, na nashangaa kwamba hadi sasa mjadala umekuwa wa jua na maji tu. Anayetoboa ardhi ili mvua iingie ni mnyoo, ni mchwa, ni mzizi mfu uliooza na kuacha tundu. Wote hao wanaishi kwa majani yanayodondoka.

Sasa ingieni chini ya mikaratusi iliyopandwa kwa karibu. Majani makavu yamelala tabaka juu ya tabaka, hayaliwi upesi kwa sababu yamejaa mafuta na tanini (kemikali chungu ya mimea), na kati ya miti mara nyingi hakuna kichaka wala nyasi. Watafiti wa Ureno wameonyesha kwamba hata ndani ya vijito majani hayo ni chakula duni kwa wadudu wa majini wanaosaga majani, ambao ndio mwanzo wa chakula cha samaki wadogo. Nyuki, nakubali, huyapenda maua yake, na asali yake ni nzuri. Lakini asali haitoboi ardhi.

Na mvua je? Mwaka 1979 mtafiti wa Brazil, Eneas Salati, na wenzake walionyesha kwamba karibu nusu ya mvua ya bonde la Amazon hutokana na maji ambayo msitu wenyewe umeyarudisha angani. Maji yanayopanda kutoka kwenye majani hayajapotea.

Mleta mada

Mwalimu, kuhusu mvua nakubali nusu. Mvuke haupotei, lakini haudondoki pale ulipopandia. Upepo huupeleka mbali, pengine mamia ya kilomita. Amazon ni kubwa kiasi cha kujinyeshea. Bonde la kijiji si kubwa hivyo, na anayelima vinyungu Mufindi hawezi kuambiwa asubiri mvua iliyonyesha Zambia kwa maji ya mfereji wake. Misitu ya milimani iliyo ndani ya mawingu, kama ile ya Uluguru inayoulisha Mto Ruvu, ni suala jingine kabisa, kwa sababu majani yake hukamata ukungu ambao usingedondoka kama mvua, na kuikata ni kupoteza maji, si kuyapata. Hakuna aliyependekeza hapa kupanda mikaratusi mahali pake, nami nisingependa hoja zangu zitumiwe hivyo.

Kuhusu udongo na viumbe nakubali yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Burkina Faso ulipata kwamba maji mengi zaidi hujaza ardhi pale penye miti michache iliyotawanyika, kuliko palipo wazi kabisa au palipofungamana. Kwenye uwazi mtupu ardhi huziba, na kwenye msongamano miti hunywa kilichoingia. Kwa hiyo idadi ya miti kwa hekta ni sehemu ya kanuni, na hilo hata mwenyekiti wa kitongoji anaweza kulihesabu kwa kidole.

Ndugu mkulima, hoja yako ya usimamizi ndiyo nzito kuliko zote hapa. Bado naona kanuni inayotaja jina ina mlango wa nyuma: jirani yako atang'oa mikaratusi na kupanda misindano, na mfereji utakauka miaka mitatu baadaye kuliko ule wa kwanza. Ningependekeza isomeke hivi: bondeni na kwenye ukingo wake usipandwe mti wowote wa biashara usiopukutisha majani kiangazi, na mlimani kila kijiji kiamue ni sehemu gani ya bonde itafunikwa na miti kabla shamba la kwanza halijapandwa. Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na Tanzania nayo hupanda kila mwaka. Hesabu hizo husema ni miti mingapi, mara chache husema itakaa wapi.

Mkulima wa vinyungu, Mufindi

Hiyo naweza kuipeleka kwenye mkutano wa kijiji. Linabaki moja ambalo hakuna aliyeligusa. Jirani yangu alipanda miti ile kama akiba ya ada za watoto, na ikikatwa leo kabla ya kufikia nguzo atapata bei ya kuni. Nani atamlipa tofauti?

Mtaalamu wa misitu, mstaafu

Mwacheni afikie nguzo, avune, kisha visiki visiachwe. Hapa ndipo maagizo mengi ya serikali yameharibikia: mti hukatwa mbele ya kamera, kisiki kinachipua machipukizi matano, na mizizi ya zamani inaendelea na kazi yake ikiwa na majani mapya. Kisiki kinyweshwe dawa au king'olewe, na hiyo ni gharama ambayo halmashauri inaweza kuibeba bila kulipa fidia ya mti mzima.

Mleta mada

Sikubaliani na kusubiri pale ambapo mfereji umeshakauka. Mokobulaan ilihitaji miaka mitano baada ya kukata. Mkisubiri miaka minne mti ufikie nguzo, kaya zilizo chini ya safu ile zitakaa karibu miaka tisa bila bustani ya kiangazi, na hizo nazo zina watoto wa kulipiwa ada. Fidia ya jirani ichangwe na wanaorudishiwa maji pamoja na halmashauri, na ianze na safu za ukingoni, kwa kuwa ndizo chache na ndizo zinazonywa zaidi. Kama kuna mwenye hesabu ya bei ya nguzo na ya kuni kwa msimu huu, aiweke hapa tuone pengo ni la kiasi gani.